Rangi ya Siku ya Picha

Ukitaka kumjua mwalimu mkuu huyu, usianzie darasani. Anzia ofisini kwake, juu ya kabati la mafaili, ambako kurasa kumi na saba za gazeti zilitiwa kwenye fremu za kioo na kutundikwa kwa misumari, kila moja ikiisifu shule yake. Kwaya. Bustani ya mboga. Mashindano ya kusoma kwa sauti. Wanafunzi walimpachika jina la Bi Gazeti, naye alilijua na hakununa. Kusema kweli lilimpendeza sana.

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Miaka sita nyuma alipelekwa kwenye semina ya siku mbili ya walimu wakuu, mada ikiwa namna ya kujenga uhusiano mwema na waandishi wa habari. Wenzake walisinzia, wakanywa chai, wakatia saini karatasi ya mahudhurio, wakaondoka. Yeye alijaza daftari zima. Usiwakimbie waandishi. Wape habari kabla hawajaitafuta. Pokea simu zao hata ukiwa umechoka. Wajulie hali watoto wao. Ushauri mzuri, sina ugomvi nao. Siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, mtoa mada alisema pia kwamba habari mbaya za shule yako umpe mwandishi wewe mwenyewe, tena mapema, ndipo atakuamini siku ya shida. Sasa jamani, dakika hizo Bi Gazeti alikuwa nje kwenye korido anaongea na simu.

Aliyempata ni kijana mmoja mwembamba wa gazeti, mkoba begani, viatu vimelika upande, ambaye watu wote walimwita Kalamu. Maskini, alikuwa anafanya kazi ya watu wanne: mahakama yeye, hospitali yeye, mpira yeye, elimu yeye. Bi Gazeti akamrahisishia maisha. Akawa anamtumia habari imeshaandikwa, picha imeshachaguliwa, hata maneno ya kunukuliwa ameshayatunga. Kalamu anabadilisha kichwa cha habari, anaweka jina lake, kazi imekwisha. Akawa anamwita Mama, naye anamwita mwanangu, na mke wa Kalamu alipojifungua, Bi Gazeti alikwenda kumwona na mfuko wa nguo za mtoto.

Haya. Sasa ukuta.

Darasa la Nne lilikuwa chumba cha mwisho, karibu na mtaro, na lilikuwa na watoto arobaini na watatu. Mmoja wao alikuwa mjukuu wa Bi Gazeti, binti wa bintiye, aliyekuwa anaishi naye. Nyumbani aliitwa Shangazi kwa sababu ya amri zake na umbea wake. Ukutani, chini ya dirisha, palikuwa na ufa. Ulianza mwembamba kama unywele, ukapanda ukapita dirisha, ukafika kwenye boriti. Na usinitajie ile methali ya ufa, tafadhali. Bi Gazeti ameshatajiwa na kila mtu. Aliandika barua sita ofisi ya elimu kuomba matengenezo. Nakala zote anazo. Majibu hana hata moja.

Ikakaribia siku ya wazazi, mwezi wa pili, na Kalamu akaahidi nusu ukurasa na mpiga picha. Chumba chenye mwanga mzuri wa picha kilikuwa kimoja tu, nacho ndicho hicho cha Darasa la Nne. Makamu wake, mwanamume mpole mwenye watoto watatu na woga wa watu saba, alijikuna shingo.

"Mama, si tuuache tu waupige picha? Huenda wakubwa wakauona, wakashtuka."

"Wewe nawe! Mgeni anakuja nyumbani unamwonyesha shuka iliyochanika?"

Jumamosi ile akaleta kopo la rangi iliyobaki alipopaka sebule yake, rangi ya maziwa, akajifunga kitambaa kichwani. Makamu akajaza ufa saruji, mama mzima akapanda juu ya dawati akapaka. Ukuta ukapendeza kama wa hoteli. Juu yake wakatundika ramani ya dunia. Siku ya picha alisimama nyuma ya mpiga picha akawaambia watoto kile alichokuwa akiwaambia miaka yote, "Meno, watoto, meno!" na watoto wote arobaini na watatu wakachekelea.

Habari aliiandika mwenyewe. "Madarasa yetu ni imara na salama, alisema mwalimu mkuu huku akitabasamu." Hilo la kutabasamu nalo alilitia yeye. Usidhani alikuwa mwongo. Alikuwa anaamini kwa moyo wake wote kwamba wakubwa wakiipenda shule gazetini, wataitengeneza. Wiki tatu baadaye barua ya ofisi ikaja, ya kwanza katika miaka yote hiyo. Ilisema kwamba kwa kuwa hali njema ya majengo ya shule yake imethibitishwa na vyombo vya habari, jina la shule limeondolewa kwenye orodha ya matengenezo ya mwaka huo. Aliisoma amesimama, akaisoma amekaa, kisha akaifungia kwenye droo ya meza na hakumwambia mtu.

Mvua zikaanza. Saruji ya makamu ikadondoka usiku mmoja, na ufa ulipofunguka ulikuwa umepanuka mara tatu. Rula ya mwanafunzi iliingia yote upana wake. Bi Gazeti akamwita fundi mwashi. Fundi hakusema sana. Alichukua kipande chembamba cha kioo, akakilaza kuvuka ufa, akakishika kwa saruji huku na huku.

"Hiki kikikatika, Mama, ujue ukuta unatembea. Usiningoje mimi. Watoe watoto."

Siku ya tano kioo kilikatika katikati.

Saa hiyo hiyo aliwatoa. Watoto arobaini na watatu walihamia stoo, katikati ya majembe, viti vibovu na ngoma za kwaya, wakakaa wawili wawili kwenye nafasi ya mmoja, na Shangazi akaleta ripoti nyumbani kwamba stoo kuna panya na mwalimu anamwogopa. Bi Gazeti akacheka. Usiku huo ilikuwa mara yake ya kwanza kulala usingizi wa maana tangu mvua zianze.

Raha yenyewe ilidumu siku nne. Afisa elimu alikuja bila taarifa, shati jeupe, miwani kwenye kipaji cha uso. Aliangalia stoo, akaangalia saa yake, akaingia ofisini.

"Mwalimu, watoto wanasomea kwenye majembe kwa nini?"

"Ukuta, Mheshimiwa. Kioo kimekatika."

"Kioo gani?"

Akamweleza. Afisa akasikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akainuka, akaiondoa fremu ya kumi na saba, ile ya mwezi wa pili, kwenye msumari, akamwekea mezani.

"Nisomee hapa."

Akasoma. 

"Haya maneno ni ya nani?"

"Yangu."

"Sasa niambie, Mwalimu, maana mimi nataka kuelewa tu. Ulikuwa unadanganya siku ile, au unadanganya leo?"

Bi Gazeti aliichukua fremu akaitundika tena kwenye msumari wake.  Alielewa kitu, kwa sababu hakuwa mjinga. Orodha ya matengenezo ilikuwa na saini ya afisa huyu. Akikubali leo kwamba ukuta ni mbovu, ataulizwa aliuondoaje kwenye orodha bila kuja kuutazama, na jibu lake litakuwa kwamba alisoma gazetini.

"Jumatatu watoto warudi darasani," afisa alisema, akaivaa miwani. "Shule yenye jina zuri haiweki watoto stoo."

Bi Gazeti akampigia Kalamu simu. Kalamu akaja mchana ule ule, kwa sababu Mama ameita. Akaingia Darasa la Nne tupu, akatia kidole kwenye ufa, kidole kikaingia mpaka fundo la mwisho. Akapiga picha ya ufa, ya kioo kilichokatika, ya dirisha lililoanza kupinda. Kisha akageuka taratibu.

"Mama, huu ulikuwepo siku ile?"

"Ulikuwepo."

"Nyuma ya ramani?"

"Chini ya rangi, mwanangu. Ramani ilikuwa nyongeza tu."

Kalamu akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamefika kifuani. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Ningeuandika," alisema. "Siku ile ile. Nusu ukurasa nilikuwa nao, mpiga picha nilikuwa naye. Si ungeniambia tu, Mama?"

"Niliona nitaiaibisha shule."

"Sasa nikimpelekea mhariri, jambo la kwanza ataniuliza mwezi wa pili tuliandika nini. Habari haitakuwa ya ukuta tena. Itakuwa yako wewe."

"Iwe yangu. Niandike utakavyo, niite jina lolote. Mradi ufa uonekane."

"Nitajitahidi, Mama."

Na alijitahidi, siwezi kumsingizia. Lakini gazeti si lake. Alhamisi ilitoka ukurasa wa tatu, herufi kubwa: MWALIMU MKUU AKIRI KUWAHADAA WAZAZI. Picha waliyoweka ni yake ya siku ya wazazi, anatabasamu meno yote nje. Ufa ulitajwa mstari mmoja chini kabisa, na hapo hapo habari ikaishia kwa sababu tangazo la magodoro lilikuwa linaanza. Kalamu alimtumia ujumbe: "Picha ya ukuta ilikosa nafasi. Nisamehe Mama." Bi Gazeti alilishika gazeti lile kwa mikono miwili akalia. Hakulia kwa ajili ya jina lake. Alilia kwa sababu ufa haukuonekana.

Ijumaa barua ikaja mkononi mwa dereva. Likizo ya kupisha uchunguzi, kuanzia mara moja, kwa makosa mawili: kuudanganya umma, na kuzungumza na vyombo vya habari bila kibali. Miaka sita alizungumza nao bila kibali, na ofisi ile ile ilikuwa ikimpigia makofi. Makamu akakabidhiwa funguo.

"Usiwarudishe mle," Bi Gazeti alimwambia. "Nakuomba kama mwanangu. Wakutukane wote, ila usiwarudishe."

"Mama, mimi nimepewa agizo."

"Nami nakupa ombi."

 Jumatatu watoto walirudi darasani.

Kuanzia hapo mwanamke huyu alihangaika, we acha tu. Alikwenda ofisi ya elimu akakaa benchi la korido tangu asubuhi mpaka saa tisa, akaambiwa afisa yuko kikaoni, na sauti ya afisa alikuwa anaisikia mlangoni anacheka na mtu. Alimtafuta fundi mwashi aje atoe ushahidi. Fundi alikuwa amepata kazi mbali. Aliwapitia wazazi nyumba kwa nyumba. Mama mmoja, muuza nguo, alimkaribisha kiti na maji ya kunywa, akamsikiliza kwa adabu zote.

"Mwalimu, mwezi wa pili ulituambia ni salama, nikaikata ile picha nikaibandika sebuleni, hiyo hapo. Gazeti lenyewe limesema unadanganya. Sasa tukuamini lipi?"

Bi Gazeti akaitazama picha ukutani. Ramani ya dunia, watoto wanachekelea. Akanywa maji akaaga.

Kalamu alipokea simu kwa sauti ya chini. Mhariri amekataa kabisa chochote kitakachotoka kwa Bi Gazeti, alisema. Tena kuna ziara Ijumaa: afisa elimu amewaalika waandishi wote waje waone shule ilivyo shwari, wapige picha. Yeye mwenyewe hakupangwa. Amehamishiwa mpira moja kwa moja.

"Nenda hivyo hivyo, mwanangu. Najua watapaka tena; waambie wenzako wabandue rangi kwa kucha tu, wataona."

"Nimewaambia, Mama. Wananicheka. Wanasema nilipigwa chenga na mwalimu, sasa nataka kuwafundisha kazi."

Jumatano Shangazi alirudi kutoka shule na kikaratasi. Mwandiko ulikuwa wa makamu, ule mzuri wa ubaoni. "Shikamoo Mama. Samahani kwa usumbufu. Ile rangi ya sebuleni kwako kama imebaki, naomba umpe mtoto. Ya dukani haifanani."

Alikisoma mara mbili. Kikaratasi kilikuwa na adabu zote.

"Kile kioo cha fundi kipo?" alimuuliza mjukuu wake.

"Wamekibandua. Makamu amesema kinakata watoto." Shangazi alikuwa anajiangalia kwenye kioo cha kabati, anajipanga nywele. "Bibi, wametupanga upya kwa ajili ya picha. Mimi nimewekwa dirishani, mbele kabisa! Wamesema sare yangu ndiyo safi."

"Wewe Ijumaa huendi shule."

"Bibi!"

"Huendi."

Shangazi akalia, akasusa chakula, akasema bibi ana wivu kwa sababu yeye safari hii hatatoka gazetini. Bibi akayameza. Kopo la rangi, ambalo lilikuwa limebaki nusu, alilimwaga lote kwenye mtaro nyuma ya nyumba, akalisafisha na kulisafisha tena. Makamu akanunua nyingine.

Ijumaa kulikucha na manyunyu. Alimwacha mjukuu wake ndani, jirani akimwangalia, akavaa gauni lake la kazini, akaenda. Hakuwa na mpango. Alifikiri atasimama mbele ya waandishi, atapiga kelele, atavua kiatu akakwangue ukuta ule mbele ya macho yao, wamkamate wakitaka. Lango lilikuwa limefungwa. Mlinzi, mtu wa makamo aliyefanya naye kazi miaka kumi na miwili, alitoka kibandani mwake anafuta maji usoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nifungulie."

Mlinzi akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaikunja tena bila kuisoma.

"Jina lako limeandikwa hapa, Mama. Wamesema nikikufungulia nami niondoke na mkoba wangu. Nisamehe. Mimi naona aibu hata kukutazama."

Alimwelewa. Ndiyo shida ya siku zile. Kila mtu alikuwa anaeleweka. Akashika nondo za lango akatazama ndani. Magari matatu uwanjani, miavuli, shati jeupe la afisa. Darasa la Nne madirisha yalikuwa wazi na ukuta unang'aa rangi mbichi, nyeupe zaidi kuliko ile ya kwake. Makamu alikuwa anawapanga watoto. Dawati la mbele, dirishani, lilikuwa tupu.

Lile dawati tupu lilimpa ahueni, ahueni ya bibi mwenye mjukuu mmoja. Kisha akamwona makamu anamwinua mtoto mwingine kutoka safu ya nyuma, msichana mdogo mwenye sare iliyofuliwa ikapauka, anamleta na kumkalisha pale pale, bega limegusa ukuta.

"Yule pale umemwona?" Mlinzi alisogea karibu naye langoni, uso wote umechanua, aibu ameisahau. "Binti yangu yule, Mama! Mjukuu wako hakuja leo, basi wamemchukua yeye. Hajawahi kuwekwa mbele tangu aanze shule. Atatoka gazetini!"

Bi Gazeti alimgeukia. Maneno yalimjaa kinywani.

"Mtoe," alisema. "Nenda sasa hivi kamtoe mtoto wako. Ukuta ule ni mbovu, unajua ni mbovu, ulimwona fundi. Nenda!"

Uso wa mlinzi ukajifunga polepole. Alitazama darasa, akatazama karatasi mkononi mwake, akatazama kibanda chenye koti lake na sufuria yake.

"Si wamepaka?" alisema, kama anayeomba kuambiwa ndiyo. "Mama, si wewe mwenyewe ulipaka, ukasema ni salama? Mimi nikaingie mbele ya afisa na wageni wote wale, niseme nini?"

 Manyunyu yakawa mvua. Waandishi wakaingia kwa kukimbia, wakajipanga nyuma ya darasa na kamera zao, na kupitia dirishani aliweza kuona bega dogo la yule mtoto, na ukuta.

"Meno, watoto!" ilisikika sauti ya makamu, akimwiga yeye kila kitu mpaka lafudhi. "Meno!"

Watoto wakacheka kwa nguvu, kama alivyowafundisha. Mlinzi naye akacheka kidogo, akamshikia Bi Gazeti mwavuli.